Mustang: Gari lililouzwa kwa wingi na bado linashika bei

MWEZI Januari 2020, katika mnada wa kampuni ya Mecum mjini Kissimmee, jimbo la Florida nchini Marekani, gari kuukuu la rangi ya kijani iliyopauka lilipandishwa jukwaani. Halikuwa limefanyiwa ukarabati wa kulipendezesha. Dakika chache baadaye lilikuwa limeuzwa kwa dola milioni 3.74, pamoja na ada ya mnada.

Gari hilo ni Ford Mustang GT ya mwaka 1968, lile lile lililoendeshwa na Steve McQueen katika filamu ya Bullitt. Familia iliyoliuza ililinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000, na kwa muda ililitumia kama gari la kawaida la kwendea kazini.

Habari za namna hiyo huwatia watu tamaa. Mwenye akiba kidogo hudhani kuwa Mustang yoyote ya zamani ni hazina, na kwamba kinachotakiwa ni kuinunua, kuifungia gerejini na kusubiri. Lakini bei ya Kissimmee ilikuwa ya gari moja lenye historia ambayo gari jingine haliwezi kuwa nayo. Soko la kawaida la Mustang zilizotumika huenda kwa kanuni tofauti kabisa, na kwa mfanyabiashara kanuni hiyo ndiyo yenye faida kuijua.

Hadi Agosti 2018 Ford ilikuwa imekwisha kutengeneza Mustang milioni 10. Kwa kawaida bidhaa iliyojaa sokoni hushuka thamani. Kwa Mustang imekuwa kinyume. Wingi wake ndio ulioleta spea, mafundi na wanunuzi, na vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyozuia bei yake isianguke hovyo.

Lilizaliwa katika hasara

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Ford ilipata pigo. Gari lake jipya la Edsel, lililoingizwa sokoni mwaka 1957 kwa matangazo makubwa, lilikataliwa na wanunuzi na likaondolewa mwezi Novemba 1959. Hasara yake ilikadiriwa kufikia dola milioni 250.

Mwaka uliofuata Lee Iacocca, akiwa na umri wa miaka 36, alikabidhiwa uongozi wa tawi la magari yenye jina la Ford. Yeye na wenzake walitazama hesabu za idadi ya watu. Watoto wengi waliozaliwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa wanakaribia umri wa kununua gari lao la kwanza. Vijana hao walitaka gari lenye sura ya michezo, lakini hawakuwa na fedha za kununua gari la michezo.

Baada ya Edsel, wakuu wa Ford hawakuwa tayari kumwaga fedha nyingi kwa mara ya pili. Njia iliyopatikana ilikuwa ya kibiashara zaidi kuliko ya kihandisi: kuchukua chesisi, injini na vifaa vingi vya Ford Falcon, gari dogo la familia lililokuwa tayari linauzwa vizuri, na kulivika bodi mpya yenye boneti ndefu na nyuma fupi. Usione vyaelea, vimeundwa. Chini ya umbo lile la kuvutia kulikuwa na gari la kawaida ambalo kila gereji ya Ford ililifahamu.

Mustang ilizinduliwa Aprili 17, 1964 katika Maonyesho ya Dunia mjini New York. Bei yake ya msingi ilikuwa dola 2,368. Siku ya kwanza pekee zilipokelewa oda zipatazo 22,000. Makadirio ya mwanzo yalikuwa kuuza magari 100,000 hivi kwa mwaka. Katika miezi 12 ya kwanza ziliuzwa 418,812. Mwezi Machi 1966 ilitengenezwa Mustang ya milioni moja.

Chrysler ilikuwa imeitangulia Ford kwa wiki mbili na gari lake la Plymouth Barracuda. Hata hivyo, ni Mustang iliyokamata soko, na washindani ndio waliolazimika kuifuata. General Motors ilijibu kwa Chevrolet Camaro mwaka 1966, kisha Pontiac Firebird mwaka 1967.

Kulikuwa na siri nyingine katika ile dola 2,368. Kwa bei hiyo mnunuzi alipata injini ya silinda 6 na gia tatu za mkono. Aliyetaka zaidi aliongeza kimoja kimoja kutoka katika orodha ndefu: injini ya V8, gia otomatiki, breki za diski, redio, kiyoyozi. Karani na mwenye duka waliweza kununua gari la jina moja, kila mmoja kwa uwezo wake. Ndiyo maana hadi leo Mustang mbili za mwaka mmoja, zenye rangi moja, zinaweza kutofautiana bei mara kadhaa. Anayenunua bila kujua orodha ile hununua jina tu.

Namba moja iliyouzwa kwa makosa

Kisa kimoja cha mwaka huo kinaeleza vyema thamani inavyozaliwa. Gari lenye namba ya mfululizo 100001, yaani la kwanza katika hesabu ya kiwanda, lilipelekwa kwa wakala wa St. John's, Newfoundland nchini Canada, kwa ajili ya kuonyeshwa. Rubani mmoja wa ndege za abiria, Stanley Tucker, aliliona, akalipenda na kulinunua kabla kampuni haijatanabahi.

Ford ilipolitaka, Tucker hakuwa na haraka. Aliliendesha kwa takriban miaka miwili. Hatimaye mwaka 1966 alikubali kulirudisha kwa kubadilishana: yeye alichukua Mustang ya milioni moja, mpya kabisa, na kampuni ikachukua ile ya kwanza. Gari hilo jeupe lisilo na paa la kudumu sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya The Henry Ford mjini Dearborn, Michigan.

Kwa chuma na injini, magari yale mawili hayakutofautiana sana. Tofauti ilikuwa namba iliyogongwa kwenye bodi. Katika biashara ya magari ya zamani, namba na karatasi huweza kuwa na thamani kuliko gari lenyewe.

Kunenepa, kukonda na kunusurika

Baada ya mafanikio ya mwanzo, Mustang iliongezwa urefu, upana na uzito kila ilipobadilishwa. Ile ya mwaka 1971 ilikuwa kubwa kiasi kwamba waliopenda ya 1965 hawakuitambua. Bima ya magari yenye injini kubwa ilipanda, na masharti ya serikali kuhusu moshi yalipunguza nguvu za injini. Mwaka 1966 zilitengenezwa Mustang 607,568. Mwaka 1973 zilikuwa 134,867 tu.

Ford iliamua kurudi kwenye udogo. Mustang II, iliyotumia vifaa vya gari dogo la Pinto, iliingia sokoni Septemba 1973. Mwezi uliofuata nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliisusia Marekani, na foleni zikaanza katika vituo vya petroli. Kwa bahati, Ford ilikuwa na gari dogo sokoni wakati ule ule lilipohitajika. Katika mwaka wa kwanza zilitengenezwa 385,993, na katika zile za mwaka huo hapakuwa na hata moja yenye injini ya V8 iliyouzwa Marekani.

Wapenzi wa mwendo kasi waliibeza, na mpaka sasa Mustang II ni miongoni mwa zile zinazoulizwa kidogo minadani. Lakini ndiyo iliyookoa jina.

Mwaka 1979 ilikuja Mustang ya kizazi cha tatu. Wafanyabiashara wa Marekani huiita Fox, jina la chesisi yake, ambayo ilitumika pia kwenye gari la familia la Ford Fairmont. Ilikuwa nyepesi, yenye umbo la mistari iliyonyooka, na iliendelea kutengenezwa hadi 1993. Injini yake ya V8 ya lita 5 ilikuwa na nguvu za farasi 157 mwaka 1982. Kufikia mwaka 1987 zilikuwa 225. Polisi wa barabara kuu wa California walianza kuinunua mwaka 1982 kwa kazi ya kuwakimbiza madereva wa mwendo wa hatari.

Katikati ya miaka ya 1980 Ford ilipanga kuizika Fox na kuleta mahali pake gari lililobuniwa pamoja na Mazda ya Japani, lenye kuendeshwa na magurudumu ya mbele na lisilo na V8. Habari zilipovuja mwaka 1987, wateja walimimina barua za kupinga. Kampuni ikabadili uamuzi. Gari lile lilitoka kwa jina jingine, Ford Probe, na kutengenezwa katika kiwanda cha Flat Rock, Michigan. Liliachwa mwaka 1997. Mustang iliendelea, na mwaka 2004, kiwanda cha Dearborn kilipofungwa, utengenezaji wake ulihamishiwa Flat Rock, katika kile kile kiwanda cha gari lililotaka kurithi jina lake.

Kwa mnunuzi wa gari lililotumika, Probe ni somo. Zimebaki chache kuliko Mustang za miaka ile ile, lakini uchache huo haukuzipandisha bei, kwa kuwa hakuna wengi wanaozitafuta. Uhaba bila mahitaji si thamani.

Makundi matatu sokoni

Mustang zilizotumika zinaweza kugawanywa katika makundi matatu makubwa, na kila kundi lina mnunuzi wake na mtego wake.

La kwanza ni la magari ya 1964 hadi 1973. Kwa jumla, yasiyo na paa la kudumu na yale yenye mgongo ulioteremka moja kwa moja hadi nyuma huwa na bei kubwa kuliko yale ya milango miwili ya kawaida. V8 huishinda silinda 6. Kileleni yako yale yaliyorekebishwa na Carroll Shelby: GT350 za mwaka 1965 zilikuwa 562 tu, na moja ya majaribio ya mashindano iliuzwa dola milioni 3.85 mwezi Julai 2020.

Kwa kuwa bei za juu ni kubwa kiasi hicho, ughushi haukosekani. Mustang ya silinda 6 huweza kubandikwa injini ya V8 na alama za GT, ikauzwa kama iliyozaliwa hivyo. Mnunuzi makini wa magari ya 1965 na 1966 huanza na mambo mawili yasiyogharimu kitu. Kwanza, herufi ya tano katika namba ya chesisi hutaja injini ya kiwandani: T ni silinda 6, C na A ni V8, na K ni ile V8 ya nguvu za farasi 271 inayotafutwa sana. Pili, gurudumu la gari la silinda 6 lilifungwa kwa nati nne, la V8 kwa nati tano. Gari lenye V8 na nati nne, au lenye herufi T na nembo za GT, lina maswali ya kujibu kabla fedha haijatoka mfukoni.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa magari ya kuanzia mwaka 1967, ofisi ya Kevin Marti nchini Marekani inayo kumbukumbu za utengenezaji za Ford, na kwa ada hutoa ripoti inayoonyesha gari lilivyotoka kiwandani: rangi, injini, gia na wakala aliyelipokea. Muuzaji wa Mustang ya 1968 ya bei kubwa asiyetaka kuitoa ripoti hiyo amekwisha kusema la kutosha.

Mtego mkubwa zaidi ni kutu. Bodi ya Mustang haina fremu ya kujitegemea chini yake; bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Maji ya mvua huingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, na pale ndani yakikosa njia hula chuma kimya kimya, kisha hushukia sakafuni penye miguu ya dereva na abiria. Fundi anayejua kazi humwaga maji juu ya matundu hayo, kisha hutazama chini ya zulia. Rangi ing'aayo si ushahidi. Kukata na kuchomelea sakafu, mbavu za chini na sehemu ile ya mbele ni kazi ya majuma mengi, na mara nyingi gharama yake huzidi tofauti ya bei kati ya gari bovu na zima. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hapo ndipo wingi unaposaidia. Karibu kila kipande cha Mustang ya miaka hiyo hutengenezwa upya, kuanzia kitasa cha mlango hadi sakafu nzima. Kampuni ya Dynacorn huuza hata bodi kamili mpya za baadhi ya miaka. Hakuna gari nyingi za umri huo zenye huduma ya namna hiyo, na anayebaki na gari bovu la aina adimu hubaki nalo kweli.

Kundi la pili ni la Fox, 1979 hadi 1993. Kwa miaka mingi yalikuwa magari ya vijana wasio na fedha. Yalinunuliwa kwa bei ya chini, yakafungwa injini zenye nguvu zaidi, yakapelekwa kwenye mashindano ya mbio fupi na kuharibiwa. Matokeo yake, mengi yapo lakini machache hayajaguswa, na hayo machache ndiyo yaliyopanda bei wale vijana walipokuwa watu wazima wenye vipato. Cobra za mwaka 1993 zilikuwa 4,993, na zile za mashindano zenye alama ya R zilikuwa 107. Kwenye gari la kawaida la kundi hili, mkaguzi huangalia chini, mahali mikono ya ekseli ya nyuma inapofungiwa kwenye bodi. Chuma cha hapo huchanika gari likiendeshwa kwa fujo, na mchaniko huo hueleza maisha ya gari kuliko mdomo wa muuzaji.

Kundi la tatu ni la kuanzia mwaka 2005, na hapa ndipo mtu wa kipato cha kawaida anapopata gari la kutumia. Umbo lilirudishwa kufanana na lile la miaka ya 1960. GT ya 2005 ilikuwa na nguvu za farasi 300 na V6 ilikuwa na 210. Mwaka 2011 ilikuja V8 mpya ya lita 5 yenye nguvu 412, na V6 ya lita 3.7 yenye nguvu 305, yaani V6 hiyo iliizidi GT ya miaka sita nyuma. Kwa anayetaka gari na si sifa, hiyo ni hesabu ya kuzingatia, kwa sababu sokoni V6 hubaki chini ya GT kwa kiasi kikubwa.

Zipo kasoro zinazojulikana. V8 ya lita 4.6 ya miaka ya mwanzo ya kundi hili ilikuwa na plagi ndefu zinazoweza kukatika ndani ya injini wakati wa kuzibadilisha, hivyo risiti ya kazi hiyo ina thamani. Magari ya 2005 hadi 2014 yaliingia katika zoezi kubwa la kurudishwa kwa ajili ya kubadilishiwa mifuko ya hewa ya usalama ya kampuni ya Takata. Kazi hiyo hufanywa bure na mawakala, na kwa namba ya chesisi mtu anaweza kuona katika orodha ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani kama gari limekwisha kurekebishwa. V6 zisizo na paa la kudumu nyingi zilianzia maisha kwenye kampuni za kukodisha magari, na zimepita mikono mingi.

Aidha, hati ya umiliki isomwe kabla ya gari kukaguliwa. Majimbo ya Marekani huiwekea alama hati ya gari lililohesabiwa na bima kuwa limeharibika kabisa, kwa ajali au mafuriko. Gari hilo huweza kutengenezwa likapendeza, lakini alama haifutiki kihalali, na siku ya kuliuza mnunuzi atadai punguzo.

Hesabu ya mwekezaji

Dola 6,000 za mwaka 1974 zilizogeuka milioni 3.74 mwaka 2020 ni ukuaji wa karibu asilimia 15 kwa mwaka kwa miaka 46. Ni faida kubwa, lakini ni ya gari lililobahatika kati ya mamilioni.

Hesabu ya gari la kawaida ni nyingine. Dola 2,368 za mwaka 1964 zilikuwa na uwezo wa kununua sawa na takriban dola 24,000 za mwaka 2024. Hivyo Mustang iliyonunuliwa siku ya uzinduzi ilitakiwa kuuzwa kwa dola 24,000 ili mwenyewe arudishe tu nguvu ya fedha yake, bila faida. Kabla ya faida bado kuna sehemu ya kuliegesha kwa miaka 60, bima, matairi, betri, rangi na mafundi. Gari halitoi gawio kama hisa wala kodi kama nyumba. Likikaa bila kuendeshwa mipira hukauka na tangi hushika kutu, likiendeshwa huchakaa.

Faida ya Mustang kwa mwenye fedha kidogo, kwa hiyo, si kupanda bei. Ni kwamba haimfungi. Gari linaloeleweka, lenye spea katika kila mji na wanunuzi kila wiki, hugeuzwa fedha kwa haraka kuliko gari la ajabu linalosubiri mpenzi wake mmoja. Aliyeinunua kwa bei ya haki, baada ya mtu mwingine kumeza hasara ya miaka ya mwanzo, anaweza kuitumia miaka kadhaa na kuiuza bila kidonda kikubwa. Kwa mali inayotembea barabarani, hayo si mafanikio madogo.

Wingi hausafiri na meli

Kwa nusu karne Mustang zilizotoka kiwandani zilikuwa na usukani wa kushoto. Aliyetaka wa kulia alilazimika kulipia ubadilishaji. Kizazi cha mwaka 2015 ndicho cha kwanza kutengenezwa na Ford yenyewe kikiwa na usukani wa kulia, na mara moja kikafungua masoko kama Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Kwa nchi za Afrika Mashariki zinazoendesha kushoto mwa barabara, hapo ndipo Mustang ilipoanza kuwa gari la kuagiza bila mzunguko.

Mfanyabiashara aliyezoea minada ya Japani asiitegemee huko. Ford iliondoka katika soko la Japani mwaka 2016, kabla biashara ya Mustang za usukani wa kulia haijaota mizizi. Chanzo cha kawaida zaidi ni Uingereza. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo Mustang za kwanza za usukani wa kulia zimekwisha kupitwa na mlango huo. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa, na injini zote mbili zilizokuja na kizazi kile katika masoko ya usukani wa kulia, ya lita 2.3 na ya lita 5, zinazidi lita 2, ambapo ushuru wa bidhaa ni wa kiwango cha juu.

Lakini jambo la kupimwa zaidi si ushuru. Kila kinachoifanya Mustang iwe salama kwa mnunuzi wa Michigan au Texas kinatokana na wingi wake pale ilipo. Dar es Salaam au Nairobi gari lile lile ni adimu. Spea zake huagizwa, fundi wake hutafutwa, na siku ya kuliuza wateja huhesabika kwa vidole. Anayeliagiza kwa mapenzi yake ana haki ya kujifurahisha. Anayeliagiza kwa biashara ajue kuwa ameingiza gari bila kuingiza soko lake.

Mwelekeo

Mwezi Desemba 2023 Camaro ilitengenezwa kwa mara ya mwisho, baada ya kuwa imekwisha kuachwa mwaka 2002 na kufufuliwa. Mwezi huo huo utengenezaji wa Dodge Challenger ulikoma. Mustang ilipoingia kizazi cha saba, toleo la mwaka 2024, ilibaki bila wapinzani wake wa jadi, na bei ya msingi ilikuwa kidogo zaidi ya dola 30,000.

Wapo wanaosema kuondoka kwa washindani kutaipandisha bei. Namba zinashauri tahadhari. Mwaka 2015 ziliuzwa Marekani Mustang zaidi ya 120,000. Mwaka 2023 hazikufika 50,000. Magari mapya yanapopungua leo, yaliyotumika hupungua miaka mitano au kumi baadaye, na pamoja nayo hupungua sababu ya watengenezaji wa spea kuendelea kuyahudumia. Uchache huo ukija huku wanunuzi nao wakipungua, hautakuwa wa Bullitt. Utakuwa wa Probe.

Kwa sasa Mustang za vizazi vya nyuma zingali nyingi, na spea zake pia. Mnunuzi mwenye subira, anayesoma hati, kuhesabu nati na kuinua zulia kabla ya kutoa fedha, bado ana nafasi ya kuchagua.